Ombi Lako Limechekwa

Kaeni vizuri, na mwenye meno ayaonyeshe kabisa, maana kwetu mtu akisikiliza habari huku amefumba mdomo huweza kuandikwa.

Nchi yetu ilikuwa na jina. Lilikuwa jina zuri, fupi, hata mtoto wa darasa la kwanza alilimaliza ndani ya mstari mmoja. Serikali ikalipenda, ikalichukua kwa utani, na likabandikwa kwa herufi za dhahabu juu ya hoteli ya mtoto wa waziri. Sisi wananchi tulicheka, tukatia dole gumba, na tangu hapo nchi tunaiita Kwetu, basi. Mgeni akituuliza, "Nyinyi mnatoka nchi gani?" tunamjibu, "Kwetu," naye anaandika hivyo hivyo.

Silalamiki. Kulalamika ni kosa dogo, kununa ndilo kosa kubwa, na mimi sijafanya lolote kati ya hayo. Nataka tu kueleza kwa utaratibu jinsi chuma cha vitumbua cha bibi yangu kilivyokwenda na jinsi kilivyorudi.

*

Kabla serikali haijaugundua, utani ulikuwa mali yetu wenyewe. Watu wa Mlimani na watu wa Bondeni walipigana vita mpaka wakaishiwa mishale. Wakapatana, wakala kiapo kwamba kuanzia siku ile watapigana kwa maneno na kwa kuku tu. Mtu wa Mlimani akipita kwako haingii kwa hodi. Anakuita mtumwa wa babu yake, anakamata kuku, anaondoka naye. Wewe unacheka. Kesho unapanda Mlimani, unamwita yeye mtumwa wa babu yako, unateremka na mbuzi. Anacheka yeye.

Ukitokea msiba, mtani ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayepika, ndiye anayemwigiza marehemu alivyokuwa akikohoa mpaka mjane anacheka bila kupenda. Na kaburi likishakuwa tayari, mtani anajilaza ndani yake na kuapa kwamba hatoki mpaka apewe kitu cha mwenye msiba. Akipewa, anatoka, mazishi yanaendelea.

"Hapa hakuna aliyewahi kutajirika sana, maana watani hawakumwacha," bibi yangu alikuwa akiniambia. "Na hakuna aliyelala na njaa, maana kila mtu anajua mtani wake anakaa wapi."

Bibi yangu aliitwa Mkejina. Mimi naitwa Sikudhani. Yeye ndiye aliyenilea, na sote wawili tulilelewa na chuma: chuma cha vitumbua, kizito, cheusi tii, chenye matundu saba, ambacho Bibi alikirithi kwa mama yake. Tundu la katikati lilikuwa limebonyea kidogo pembeni, kwa hiyo katika kila mkupuo wa vitumbua saba, kimoja kilitoka na pua. Watoto walikuwa wakiamka alfajiri kugombea chenye pua.

*

Serikali iliugundua utani kwa bahati mbaya, yaani bahati mbaya yetu.

Mheshimiwa Sengasenga, mtu wa Mlimani, wakati huo alikuwa waziri wa kitu kingine ambacho hakuna anayekikumbuka. Siku moja alikwenda kumtembelea shangazi yake, akaona mtu wa Bondeni anaingia, anabeba kuku wawili, anatoka, na shangazi mtu amekaa pale kwenye kigoda anacheka mpaka machozi. Waziri alirudi mjini bila hata kula. Akaingia moja kwa moja kwa Mkuu wa Nchi.

"Mkuu, tukiwatoza ushuru, wanaficha. Tukiwapelekea polisi, wanakimbia. Lakini nimeona kwa macho yangu mtu ananyang'anywa kuku huku anacheka! Hii ni maliasili, Mkuu. Tumeikalia tu miaka yote hii!"

Ikaundwa Wizara ya Utani na Ustawi wa Jamii, na Sengasenga akawa waziri wake wa kwanza. Sheria ikaandikwa asubuhi moja, ukurasa mmoja. Ilisema hivi: Serikali ni mtani wa kila mwananchi. Kitu kikishachekwa, kimekwenda. Mengine yote, kama mila ilivyo.

Yale maneno ya mwisho, nilikuja kusikia, yaliwekwa kwa sababu waandishi wa sheria walikuwa wanawahi chakula cha mchana.

Nakala zilichapishwa nyingi kuliko wananchi. Zilitufaa sana sisi wauza vitumbua. Kila asubuhi nilifungia vitumbua kwa sheria ya utani, na kila asubuhi niliisoma, maana mafuta yakiingia kwenye karatasi maandishi hung'aa. Mimi kusoma kwangu kuliishia darasa la saba, lakini karatasi moja ukiisoma kila siku kwa mwaka mzima, hata ungekuwa umeishia la tatu utaielewa.

Kila kata ikapewa Afisa Utani. Wa kwetu alikuwa Bwana Pazi, kijana msafi, mwenye rula ya mbao na Fomu Namba Tatu. Serikali ikichukua kitu chako, Pazi anasogea, anakupima kinywa kwa rula, anaweka alama: kicheko cha meno yote, kicheko cha meno ya mbele, kicheko cha puani, au kununa. Aliyenuna alipelekwa Kambi ya Uchangamfu majuma mawili, akatekenywa na askari.

Basi tukachekeana na serikali mwaka mzima. Baiskeli zikaenda, vitanda vikaenda, mabati yakaenda, na kila jioni redio ilitangaza kwamba furaha ya taifa imepanda.

*

Watu wa Kwetu si wajinga. Walipoona kitu kizuri hakikai, wakaanza kutengeneza vitu vibaya.

Fundi seremala wa mtaani kwetu, ambaye meza zake zilikuwa zinafuatwa kutoka mbali, akaanza kutengeneza viti vya miguu mitatu, na wateja wakapanga foleni. "Nitengenezee kinachoanguka," wanamwambia, "lakini kisianguke sana." Wafugaji waliwanyonyoa kuku wao wakiwa hai. Mwashi mmoja alijenga nyumba iliyogeuza mgongo barabarani na uso porini, ili ionekane choo. Wanawake walishona gauni la harusi kwa kitambaa cha gunia nje, hariri ndani. Bwana harusi ndiye aliyejua siri, naye alikula kiapo.

Mheshimiwa Sengasenga alipita akitaka kutania, akarudi na gari tupu. Alikasirika kwa furaha, kama sheria inavyotaka, akatoa agizo: kila kaya lazima iwe na angalau kitu kimoja cha kutamanika, kiwekwe mahali pa wazi, tayari kwa ukaguzi.

Sisi tuliweka saa ya ukutani isiyotembea, tukaizungushia maua ya plastiki. Chuma tulikiacha jikoni chini ya masizi yake. Bibi hakuwahi kukisugua upande wa nje hata siku moja. "Acha kivae baibui," alikuwa akisema.

Kosa letu lilikuwa harufu.

Waziri alikuja mwenyewe siku ya ukaguzi, gari saba na kipaza sauti. Aliitazama saa yetu, akapiga miayo, akageuka aende zake. Halafu akasimama. Pua zake zikapanuka.

"Nani anapika huko?"

"Si kitu, Mheshimiwa," Pazi akasema. "Vitumbua tu."

Alikula saba pale pale jikoni, amesimama. Cha saba kilikuwa chenye pua. Akakigeuzageuza, akakitia chote mdomoni.

"Nyinyi watu wa Bondeni," akasema kwenye kipaza sauti, "Mungu aliwanyima akili akawapa mikono!"

Msafara ukaangua kicheko. Bibi naye akajibu papo hapo, "Na nyinyi wa Mlimani aliwapa matumbo, akasahau vilivyobaki!" Hapo hata madereva walicheka kweli. Ulikuwa utani hasa, na kwa kitambo kidogo nilidhani tumepona.

Waziri akavua tai yake, akaizungusha mkononi, akakiinua chuma kutoka jikoni.

"Mtani, hiki nimekipenda. Nitakitundika sebuleni kwangu, wageni waone utamaduni."

"Bado cha moto hicho, mtani," Bibi akasema.

"Kitapoa njiani."

Pazi akasogea na rula. "Bibi, tunakusubiri wewe."

Bibi yangu akanitazama. Halafu akafungua kinywa, akacheka. Alikuwa amebakiwa na meno matatu. Pazi akapima, akafikiri, akaandika: Meno yote (matatu).

*

Kesho yake Bibi alivaa kanga yake nzuri, akashika fimbo, akaenda mpaka kwa waziri, kama mila ilivyo. Nilikwenda naye. Mlinzi akatusimamisha getini.

"Unakwenda wapi, bibi?"

"Kwa mtani wangu. Jana kachukua chuma changu, leo nimekuja kuchukua ng'ombe wake."

Mlinzi alitutazama kwa huruma, namna watu wa serikali wanavyomtazama mtu aliyekuja bila picha. "Bibi, utani wa kurudisha una fomu yake. Namba Kumi na Nne. Nakala nne, na picha ukiwa unacheka."

Tulijaza nakala nne. Bibi alipigwa picha akiwa anacheka. Mvua zikanyesha, zikakatika, zikanyesha tena, ndipo jibu likaja, kwenye bahasha yenye nembo ya meno.

"Nisomee," Bibi akasema.

Nikasoma: "Ombi lako limepokelewa, limejadiliwa na kamati, na limechekwa ipasavyo. Asante kwa kuchangia furaha ya taifa."

"Soma tena hapo penye kuchekwa."

Nikasoma tena. Akaichukua ile barua, akaikunja ndogo, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Tulijaribu kupika kwa sufuria. Vitumbua vilitoka bapa kama soli za kandambili. Wateja walinunua siku mbili za kwanza kwa ajili ya heshima, ya tatu wakapita wakitazama upande wa pili. Bibi hakuugua. Alikaa tu kwenye mkeka wake, mikono mapajani. Ila alfajiri, saa ile ya kuwasha jiko, nilikuwa nauona mkono wake wa kulia unainuka na kugeuza hewa, saba, mmoja baada ya mwingine, na ule wa katikati akiutendea taratibu zaidi. Halafu siku moja alfajiri mkono haukuinuka.

*

Waziri alihudhuria msiba. Alisema hawezi kukosa, yeye ni mtani.

Alikuja na wapiga picha. Hakuchimba. Hakupika. Ilipofika saa ya mtani kujilaza kaburini, alilichungulia, akaona kuna vumbi, akamwamuru Pazi alale kwa niaba yake. Pazi alilala na fomu zake kifuani. Tukampa kuku, kama mila ilivyo. Waziri akasema huyo kuku hana mwenzake, akataka na jogoo. Tukampa jogoo. Akatazama huku na huku, akaona mkeka ambao tulikuwa tumtandikie Bibi, mkeka aliousuka kwa mikono yake, wenye ukili mwekundu.

"Mbwa wangu analala sakafuni," akasema kwenye kipaza sauti. "Naogopa atanisema kwa watani!"

Msafara ukacheka. Tukamzika Bibi bila mkeka.

Pazi alitoka kaburini, akajipangusa, akaanza kupima wafiwa. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilicheka meno yote thelathini na mawili, nikacheka mpaka rula ikawa fupi. Waziri mwenyewe alifurahi, akanipa mkono, na juma lililofuata nikaletewa Cheti cha Mfiwa Bora, chenye mhuri. Kilisema: Mwenye cheti hiki anatambuliwa kuwa mtani wa Mheshimiwa Waziri, kama mila ilivyo.

Nilikisoma jioni nzima. Sikuangalia jina langu, wala mhuri. Niliangalia maneno matatu ya mwisho. Nilikuwa nayajua kwa muda mrefu, yalikuwa yananuka mafuta.

Nilipouliza mitaani, nikakuta vyeti kama changu viko arobaini. Waziri alikuwa amehudhuria misiba mingi.

*

Baba yake waziri, Mzee Mwinjuma, alikuwa hai bado, anakaa kwenye nyumba kubwa ya mwanawe. Kila asubuhi alitoka nje ya geti, akakaa kwenye kiti cha plastiki kutazama watu. Mimi nikahamishia biashara hapo: karanga za kukaanga, kwenye ungo, ng'ambo ya barabara.

Sikumwombea mabaya. Niliuliza tu hali yake kila asubuhi, kwa makini.

"Shikamoo, babu. Umeamkaje?"

"Marahaba. Goti linauma."

"Goti tu?"

"Goti tu, mtumwa wangu wee. Lete karanga."

Alikuwa anachota karanga bila kulipa, mkono mzima, ananiita mtumwa wa babu yake. Kesho yake nilivuka barabara, nikamvua kofia, nikaivaa mimi mpaka jua lilipotua. Alicheka mpaka kiti cha plastiki kikalia. Tangu hapo ikawa karanga leo, kofia kesho. Ndipo nilipokumbuka ladha ya utani, na kwa kweli nilianza kumwombea mzee yule aishi. Yote mawili yalikaa moyoni mwangu bila kugombana.

"Mwanangu ananipenda sana," aliniambia siku moja. "Ameshanijengea kaburi la marumaru. Kila Jumapili ananiuliza kama litanitosha."

"Na wewe unamjibu nini, babu?"

"Namwambia sijui, sijalala humo." Akatafuna karanga polepole, meno hayakuwa mengi. "Kwetu sisi mfu halijaribu kaburi. Mtani ndiye anayelijaribu. Siku yangu ikifika, wewe njoo ulale humo uone kama marumaru ni baridi."

"Hao walinzi wataniruhusu?"

"Una karatasi?"

"Ninayo, babu."

"Basi, mtumwa. Njoo na wenzio."

Miaka miwili karanga na kofia vilivuka barabara. Asubuhi moja kiti cha plastiki kilitolewa, kikabaki kitupu.

*

Mazishi yalikuwa ya kitaifa. Mkuu wa Nchi alikuja, mabalozi walikuja, turubai zilifika mpaka barabarani. Sisi tulifika saa nne asubuhi, watu arobaini wa Bondeni, na majembe, na masufuria, na vyeti mkononi.

"Mnakwenda wapi?" mlinzi akauliza. Alikuwa yule yule.

"Kutania," nikasema.

"Utani wa kurudisha una fomu..."

"Huu si wa kurudisha, kaka. Huu ni wa msiba."

Alisoma cheti cha kwanza, cha pili, cha tano. Aliugusa mhuri kwa kidole. Mlinzi wa Kwetu anaweza kumzuia mtu, lakini mhuri hawezi. Geti likafunguka.

Tulianza vizuri. Wanawake walipika, wakamwigiza marehemu alivyokuwa akichota karanga, na mabalozi wakapiga makofi. Halafu tukaingia ndani. Seremala wa viti vya miguu mitatu alitoka na viti vya chumba cha kulia, vyote kumi na viwili, akihesabu miguu yake kwa mapenzi. Masofa yakafuata. Mapazia yakafuata. Friji ilitoka ikiwa na mtindi wake. Kundi moja lilikwenda hotelini kwa mtoto wa waziri, mjukuu wa marehemu, likarudi na bango la jina la nchi begani, na herufi zake za dhahabu, wakiimba.

Waziri alisimama karibu na jeneza, ameshika kitambaa.

"Nyinyi! Mnafanya nini? Rudisheni..."

Akageuka, akaona mabalozi wanamtazama, na Mkuu wa Nchi anamtazama, na Pazi amesimama mbele yake na rula.

"Mheshimiwa, samahani," Pazi akasema. "Naona meno ya mbele tu."

"Pazi, huu ni msiba wa baba yangu!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Fomu ina sehemu ya misiba."

Waziri akacheka. Ilikuwa sauti kama ya mlango wa bati. Pazi akapima, akaomba arudie, akaridhika.

Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha shuka kaburini. Marumaru ni baridi, babu, nilisema kimoyomoyo, lakini litakutosha. Nikajilaza, nikakunja mikono.

Jeneza likaletwa. Wabebaji wakachungulia, wakaniona, wakasimama. Watu wakaanza kuguna kwa furaha, maana hata wale wa mjini walikumbuka bibi zao.

"Toka, mtani," waziri akasema kwa juu. Nilikuwa naiona pua yake tu na mbingu.

"Sitoki, mtumwa wa babu yangu. Nipe kitu."

"Unataka nini?"

"Chuma changu cha vitumbua kilichoko sebuleni kwako."

Kikaletwa mbio. Walikuwa wamekipaka rangi ya fedha na kukitia maua. Nilipitisha kidole kwenye tundu la katikati, nikalikuta lile bonyeo. Nikakiweka kifuani. Kilikuwa kizito kama mtoto aliyelala.

"Na mkeka wa bibi yangu."

Mkeka ukaletwa, umejaa manyoya ya mbwa. Nikaukunja, nikauweka chini ya kichwa.

"Haya, toka sasa."

"Nitatokaje? Bado hujanipa kitu."

"Nimekupa viwili!"

"Hivi ni vyangu," nikasema. "Mila inasema mtani hupewa kitu cha mwenye msiba. Cha kwako wewe, mtani. Uliza wazee."

Wazee wa Mlimani, watu wake mwenyewe, waliulizwa. Wakakubali kwa kichwa, mmoja mmoja, taratibu, kama watu waliongoja kuulizwa siku nyingi. Jua lilikuwa limepanda. Mkuu wa Nchi akatazama saa. Waziri akageuka kutazama nyumba yake atoe nini, na nyumba ilikuwa imebaki kuta. Kwa mlango uliokuwa wazi mpaka nyuma mtu aliweza kuona kuku wa jirani.

"Sina kitu!" akasema. "Mmechukua vyote! Sina kitu!"

"Unacho kimoja," nikasema kutoka chini. "Nipe uwaziri."

Halafu Mkuu wa Nchi akacheka. Alidhani ni mzaha mtupu wa msibani. Alicheka kwa tumbo, kwa mabega, akajipiga paja, na alipocheka yeye mawaziri wote wakacheka, na walipocheka mawaziri mabalozi wakacheka, na sisi watu arobaini tukacheka tangu moyoni kwa mara ya kwanza tangu sheria ipite. Wa mwisho alikuwa Sengasenga mwenyewe. Alicheka kwa sababu Mkuu anacheka, na kwa sababu rula ilikuwa puani pake.

Pazi akaandika. Akageuza fomu, akaandika na upande wa pili. Akapiga mhuri.

"Kitu kikishachekwa," akasoma kwa sauti ile ile anayosomea wajane, "kimekwenda."

Mkuu wa Nchi akaacha kucheka. Alimtazama Pazi, akawatazama mabalozi, ambao walikuwa wakiandika, akamtazama Sengasenga, na nadhani akakumbuka kwamba hajawahi kumpenda sana. "Kama mila ilivyo," akasema. Akaingia garini na kuondoka upesi, kabla watani hawajalitazama gari lake vizuri.

Nikatoka kaburini. Tukamzika Mzee Mwinjuma kwa heshima zote. Nilimwekea kofia yake, na konzi ya karanga.

*

Nilikuwa waziri kwa siku moja, ikanitosha. Watu waliniambia nifute sheria. Sikuifuta. Niliongeza mstari mmoja: kuanzia sasa sheria hii itamhusu mtu mmoja tu, naye anajijua. Pazi nikambakiza kazini, pamoja na rula yake. Kisha nikarudi jikoni kusugua rangi ya fedha.

Sasa hivi Kwetu mambo ni mazuri. Viti vina miguu minne. Kuku wana manyoya. Wa Mlimani wanateremka, wa Bondeni wanapanda, na hakuna anayejaza fomu. Jina la nchi ndilo bati la kibanda changu. Mvua ikinyesha linavuja kidogo kwenye herufi ya mwisho, lakini ni letu.

Na Sengasenga huja kila asubuhi, sheria inamtaka. Anasimama mbele ya jiko, mwembamba siku hizi, pua zimepanuka. Namsubirisha mpaka mkupuo wa kwanza uive. Namchagulia chenye pua. Namwekea mkononi, cha moto, kwenye karatasi ya ile sheria yake. Anakipuliza. Anakiinua. Anafungua kinywa.

Hapo ndipo ninapokichukua.

"Nimekipenda, mtani," namwambia.

Pazi anasogea na rula, na sote tunamsubiri.

Najua Bibi angesema, siku moja mwache ale. Nalifikiria jambo hilo. Nimemwambia alete ombi, nakala nne.